Miwani inayomfundisha daktari aliye mbali



Watoto wangu wa darasa la kwanza wanajifunza herufi kwenye kibao. Mtoto akikosea, anafuta na kuandika tena, mpaka mkono uzoee. Daktari anayejifunza kupasua hana cha kufuta, maana mbele yake kuna mwili wa mtu. Ndiyo sababu anasimama miaka kando ya mwalimu wake: anatazama, anasaidia, kisha anashika kisu.

Shida yetu ni kwamba walimu hao wako mbali. Mama wa Fizi ambaye uchungu ulikawia, mtoto akafa na mkojo ukaanza kuvuja, anaambiwa aende Panzi, Bukavu. Atoke Baraka mpaka Uvira, halafu apande milima. Nauli iko wapi? Nani atabaki na watoto? Wengi wananyamaza tu na kujificha nyumbani.

Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imetengeneza maelfu ya wamama wa namna hiyo. Profesa Guy-Bernard Cadière wa Bruxelles alifika huko mara nyingi kupasua pamoja naye, kwa kamera inayoingia katika tundu ndogo. Lakini ujuzi huo ulisafiri kwa ndege, na mtu mmoja hawezi kufika kila mahali.

Sasa kuna njia nyingine. Daktari anavaa miwani mikubwa inayofunika macho yote, na anashika vifaa viwili mikononi. Ndani ya miwani anaona chumba cha operesheni, mgonjwa na vyombo. Akigeuza kichwa, anaona upande mwingine. Akikata mahali pabaya, programu inamwonyesha kosa, naye anaanza upya. Hakuna mtu aliyeumia. Ni kibao cha daktari!

Hapa karibu, Zambia, watafiti wa huko na wa Marekani walitumia miwani hiyo kufundisha operesheni ya kuondoa kizazi chenye saratani ya mlango wa kizazi. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Kabla ya hapo, tarehe 14 Aprili 2016, Daktari Shafi Ahmed alipasua mgonjwa wa saratani London, na watu wa nchi nyingi wakafuata kwa miwani kama vile wamesimama kando yake.

Tusidanganyike lakini. Miwani haina damu ya kuongeza, wala dawa ya usingizi. Inataka umeme. Na mkono uliozoea miwani bado unahitaji mwalimu wa kweli siku ya kwanza mbele ya mgonjwa. Mwaka 2015 wataalamu wa jarida la Lancet walihesabu kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati operesheni salama wanapoihitaji. Miwani peke yake haitamaliza hesabu hiyo.

Ila inaweza kufupisha njia: badala ya kila mama kupanda kwenda Bukavu, ujuzi ushuke ufike Baraka.

Sisi tufanye nini? Kikundi kikikaa na wakubwa wa afya, tuulize: madaktari na waganga wetu wanaongezewa masomo wapi, na lini? Jirani anayejificha kwa sababu ya mkojo, tumfuate kwa upole, tumwambie ugonjwa huo unatibika. Uchungu ukipita usiku mzima, tusingoje asubuhi ya pili. Na binti anayependa hesabu na biolojia, tusimtoe shuleni. Labda ni yeye atakayevaa miwani hiyo.