Mirathi ya Magurudumu Manne

Katika banda la shamba letu huko milimani Usambara, mahali ambapo barabara ya Lushoto huanza kuteremka kwa mizunguko yake kuelekea Soni na Mombo, lilikaa kwa miaka sita gari ambalo hapana mtu wa nyumba yetu aliyethubutu kuliuza wala aliyekuwa na njia ya kulitumia. Lilikuwa Land Rover 109, pikapu, ambalo marehemu baba alilipata likiwa mkono wa pili katika ujana wake. Kabichi, karoti na viazi vilivyotusomesha vilishuka mlima ndani yake. Saruji ya nyumba na mbolea ya mashamba vilipanda mlima ndani yake. Na zaidi ya mara moja lilimchukua mja mzito usiku kwenda hospitali na bibi harusi mchana kwenda kwa mumewe. Upande wa ndani wa mlango wa dereva, juu ya bati lililobambuka rangi, baba alikuwa na desturi ya kuchora kwa msumari tarakimu na herufi mojamoja, ambazo sisi watoto tulidhani ni hesabu za magunia. Alipofariki, kuku walilirithi gari kabla yetu.

Tulipokutana ndugu watatu kuamua hatima yake, rai zilikuwa tatu. Dada yetu mkubwa, ambaye ndiye mtunza hesabu wa ukoo, alitaka liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mimi nilitaka lirudishwe kuwa kama lilivyotoka kiwandani. Na mdogo wetu alitaka bodi ibaki kama ilivyo, lakini kila kilicho chini yake kibadilishwe kwa kilicho kipya zaidi. Rai ya mdogo ndiyo iliyoshinda, nasi tukaifuata kwa pupa, na pupa hiyo ilitutoza ada ya masomo ambayo nataka kuyaeleza hapa, kwa faida ya kila mwenye gari kuukuu la shamba na azma ya kulitia viungo vya zama hizi.

Yafaa kwanza msomaji ajue kwamba gari la namna hii lilikuwa mkulima tangu kuzaliwa. Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na shambani humo alitumia jipu la jeshi lililosalia baada ya Vita Kuu ya Pili. Naye, akishirikiana na nduguye Spencer aliyekuwa mkuu wa kampuni, aliazimia kuunda gari litakaloshika nafasi ya jipu lile, likaonyeshwa kwa umma mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Feleji ilikuwa ikigawiwa kwa kibali katika Uingereza ya siku zile, na kwa sababu hiyo bodi ilifanywa kwa mchanganyiko wa alumini, madini yasiyoshika kutu kama chuma. Namba 109 ni idadi ya inchi zilizopo baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na letu ni la toleo la tatu, lililoanza kuuzwa mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985.

Historia hiyo fupi ina somo kwa fundi. Bodi ya alumini ikinyeshewa miaka arobaini bado hung'aa ikioshwa, ilhali chasisi ya feleji iliyo chini yake huweza kuwa imeoza mithili ya mkate uliolowa. Hivyo mwenye gari hudanganyika kwa uzuri wa juu, akanunua injini ya thamani na kuifunga juu ya mifupa isiyoweza kuibeba. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, chukua nyundo ndogo, lala chini ya gari, na uigonge chasisi kutoka mwanzo hadi mwisho: palipo pazima hulia kwa sauti kavu, na palipooza hutoa sauti ya kibuyu chenye ufa. Sisi, namshukuru Mungu, tuliligonga letu, tukakuta mahali pawili tu pa kutia viraka.

Viungo vya mwendo ni injini, giaboksi, propela, difu, ekseli, springi, usukani na breki. Katika gari letu vyote vilikuwa vya asili. Injini ilikuwa ya petroli, ya sentimita za ujazo 2,286, yenye nguvu za farasi 70 na ushei, ambazo zilitosha zama za baba, wakati safari ya Mombo ilikuwa kazi ya siku nzima na petroli haikuwa imekuwa anasa. Katika zama zetu, mkulima aliyechelewa sokoni hukuta bei imekwisha kuanguka, na gari linalopanda mlima kwa gia ya pili huku likinywa kama ngamia aliyetoka jangwani humla mwenyewe.

Mdogo wetu alipata injini ya dizeli iliyotolewa katika gari la Discovery, aina iitwayo 200Tdi, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1989. Uteuzi wenyewe haukuwa na kasoro, kwa maana injini hii, yenye sentimita za ujazo 2,495 na nguvu za farasi 111, ni ya ukoo mmoja na ile tuliyoitoa. Watengenezaji waliikuza kizazi baada ya kizazi kutoka umbo lile lile, na kwa hiyo hukubali kufungwa kwenye giaboksi ya zamani bila mageuzi makubwa. Injini za Toyota, Nissan au Isuzu, ambazo mafundi wetu wengi huzipenda kwa kuwa vipuri vyake vimejaa madukani, nazo hufaa, lakini hizo ni wageni katika nyumba hii: lazima fundi mkereza vyuma atengeneze bamba la kuunganisha injini na giaboksi, nalo likae sawasawa kabisa, kwani kitovu cha injini kikihitilafiana na kitovu cha giaboksi hata kwa unene wa unywele mmoja, klachi na beringi zitalipa hitilafu hiyo kila siku mpaka zife.

Injini ikafungwa, ikanguruma, nasi tukajaza magunia ya viazi tukashuka nayo. Lile gari ambalo maisha yake yote lilikuwa likitembea kwa hadhari ya mzee sasa lilikimbia, na furaha yetu ilidumu mpaka mteremko wa tatu, ambapo mguu wa mdogo wetu ulipoikanyaga breki uliikuta laini kama uji. Tulinusurika kwa kuliegemeza gari kwenye ukuta wa mlima, likasota mpaka likasimama. Tulipoteza taa moja, bati la ubavu na viazi kadha wa kadha, na hapana aliyeumia.

Fundi mzee aliyekuwa akilitengeneza gari hilo enzi za baba alikuja kulitazama. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia, "Marahaba, wanangu," kisha akazunguka gari kimya mara mbili.

"Mlianza na nini?" akauliza.

"Injini, mzee," akajibu mdogo wetu.

"Wanangu, mwendo mmeununua kwa nakidi, na kusimama mmekopa." Akaufungua mlango wa dereva, akaweka kidole juu ya michoro ya msumari. "Na jibu baba yenu aliwaachia hapa. Hamkusoma?"

Hatukuwa tumesoma. Herufi B ilikuwa breki, M mafuta, S springi, na mbele ya kila herufi mwezi na mwaka. M zilikuwa nyingi, kama ilivyo desturi. Lakini kila mwaka, mwezi wa Februari, kabla ya mvua za masika, palikuwa na B, na hapana mwaka hata mmoja uliorukwa.

Breki za gari letu ni za dramu: vipande viwili vya umbo la mwezi mwandamo hujitanua na kusugua ukuta wa ndani wa pipa la chuma linalozunguka na gurudumu. Katika mteremko mrefu msuguano huzaa joto, dramu hutanuka na kuvikimbia vile vipande, na bitana zake hupoteza ukali wa kushika. Aidha mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na yakipata moto, maji yale huchemka yakawa mvuke. Na kwa kuwa mvuke hugandamizika, nguvu ya mguu huishia katika kuubana mvuke badala ya kufika magurudumuni. Baba, ambaye hakusoma fizikia, alimwaga mafuta ya zamani kila Februari. Mafuta ya gari letu yalikuwa yamekaa miaka sita na kuku.

Ndipo tulipofahamu kanuni ambayo naiona kuwa mama wa kanuni zote katika kazi hii: gari ni mnyororo, na ukiliongezea nguvu mahali pamoja, udhaifu hauondoki, bali huhamia pete inayofuata. Nguvu ya kusokota ya injini mpya ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya zamani. Nguvu hiyo hupita katika klachi, ikapita katika giaboksi, ikaingia difu, ikaishia katika shafti nyembamba zinazozungusha magurudumu. Na katika magari ya zamani zaidi ya jamii hii shafti hizo zilijulikana kwa kukatika hata kwa injini dhaifu. Letu lilikuwa na bahati, kwa kuwa 109 za toleo la tatu zilipewa ekseli ya nyuma ya aina ya Salisbury, iliyo nene na imara. Lakini mwenye gari la zamani kuliko hilo na asiulize habari ya shafti zake atakuja kuulizwa nazo akiwa njiani, na mzigo mgongoni.

Basi tukaanza upya, safari hii kwa mpangilio wa mzee. Tulifanya upya breki zote na mabomba yake, tukatia sevo, yaani chombo kinachousaidia mguu kwa uvutano wa hewa. Na hapa pana jambo lisilojulikana na wengi, kwamba injini ya dizeli haizai uvutano huo yenyewe kama ya petroli, bali huhitaji pampu maalumu, ambayo injini yetu mpya ilikuja nayo. Kisha ukafuata usukani, uliokuwa umelegea kiasi cha dereva kuzungusha robo duara kabla magurudumu hayajapata habari. Zikafuata springi, tukaondoa majani yaliyovunjika. Mwisho tukageukia difu.

Difu za asili huzunguka mara moja kila propela inapozunguka mara 4.7, na za Discovery mara 3.54. Maana yake kwa mkulima ni hii: katika gia ya juu, injini inapofanya mizunguko 2,500 kwa dakika, gari lenye difu za asili huenda kilomita zipatazo 70 kwa saa, na lenye difu mpya zipatazo 90, bila injini kujitaabisha zaidi. Lakini hapana tunu isiyo na kodi, kwani kile kinachoongezwa katika kasi hupunguzwa katika uvumilivu wa kutambaa, na gari lililokuwa likipanda kichochoro cha matope kwa mwendo wa kobe litataka klachi iteseke kidogo. Tena difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja. Mtu akibadilisha ya nyuma peke yake kwa kubana matumizi, siku atakapoingiza magurudumu yote manne ekseli mbili zitabishana kila moja kwa hesabu yake, na ubishi huo huamuliwa kwa kuvunjika kwa mojawapo. Sisi, maadamu maisha yetu ni ya mlimani, tuliacha za asili zote mbili.

Yamesalia mawili madogo yasiyo madogo. Injini ya zamani iliendesha vali zake kwa mnyororo wa chuma, na 200Tdi huziendesha kwa mkanda wa raba, ambao ukikatika injini huharibika papo hapo. Na kwa kuwa vumbi la shamba huula mkanda huo, haifai kungojea kilomita zilizoandikwa katika kitabu. La pili ni kadi ya gari, ambayo huandikwa namba ya chasisi na namba ya injini: ukibadilisha injini bila kwenda kusahihisha kadi kwa mamlaka ya mapato, unaendesha gari ambalo hati yake inasema uongo, na siku ya ajali au ya kuuza utaulizwa ukweli.

Wako wasiopenda mageuzi haya, husema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, nami nilikuwa mmoja wao. Naona sasa kwamba mithali hiyo inasifu kamba inayofunga, si kamba iliyotundikwa. Hata hivyo insafu inataka tusikate tusichoweza kukiunga: injini ya baba tumeipaka mafuta, tumeifunika turubai, imo bandani, na hapana tundu jipya katika chasisi litakaloizuia kurudi mahali pake kama wajukuu watapenda.

Siku gari liliporudi barabarani, dada yetu, yule aliyetaka kuliuza, aliomba msumari. Akaufungua mlango, akatafuta mstari wa mwisho wa baba, na chini yake, kwa mwandiko wake wa hesabu, akachora B, mwezi na mwaka. Herufi ya injini tuliiandika baadaye, katika mstari wa pili.