Taa Tatu kwa Swichi Moja

Asubuhi moja mkulima wa skimu yetu alifika ofisini, mkono wake umefungwa kitambaa. Alfajiri ile alikuwa ameamka kukamua, akaona taa moja ya zizi imekufa. Akazima swichi, akapanda ngazi ili abadilishe balbu, mwanawe akimshikia tochi. Mara stima ikampiga, akaanguka juu ya madebe ya maziwa.

"Karani," aliniuliza, "swichi niliizima kwa mkono wangu mwenyewe. Hiyo stima ilitoka wapi?"

Swali hilo ni zuri, na jibu lake yafaa lijulikane na kila mkulima. Mashamba mengi ya skimu, kama yale yaliyogawiwa tangu 1962 katika mpango wa Ekari Milioni, yalikaa miaka mingi kwa taa za mafuta. Tangu mradi wa Last Mile uanzishwe mwaka 2015, nyumba nyingi za mashambani zimepata stima. Sasa tunataka taa za jikoni, za uani na za zizini, na mara nyingi twataka tatu ziwake kwa swichi moja.

LANGO LA MFEREJI

Stima ya nyumbani, ambayo nguvu yake ni volti 240, huja kwa waya wa moto na kurudi kwa waya wa pili. Waya wa moto huwa wa rangi ya kahawia, au nyekundu katika nyumba za zamani. Waya wa kurudisha huwa wa buluu, au mweusi. Waya wa tatu, wa kijani na manjano, ni wa ardhi, nao hulinda watu.

Swichi ni kama lango la mfereji. Ukifunga lango la juu, maji hayafiki shambani. Lakini ukiliweka lango mwisho wa shamba, maji yatasimama, na shamba litabaki limejaa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa jirani yangu. Aliyefunga waya aliiweka swichi kwenye waya wa kurudisha. Taa zilizimika, lakini moto ulibaki juu, ukingoja mkono.

KILA TAA NA NJIA YAKE

Kosa la pili ni kupitisha stima ndani ya taa ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, kama shanga katika uzi mmoja. Hapo taa tatu zilizo sawa hugawana volti 240, na kila moja hupata 80 tu. Zitawaka hafifu, au zisiwake kabisa. Na moja ikifa, zote huzimika.

Njia iliyo sawa ni hii:

1. Waya wa moto hutoka kwenye kisanduku cha fyuzi na kuingia katika swichi.
2. Waya unaotoka katika swichi hupeleka tawi kwa kila taa.
3. Waya wa kurudisha haupiti katika swichi. Nao pia hupeleka tawi kwa kila taa.
4. Waya wa ardhi hufungwa kwa kila taa yenye chuma.
5. Viungo vyote hukaa ndani ya visanduku vyenye vifuniko, si kusokotwa darini ambako panya hupita. Zizini, waya upite ndani ya bomba, na swichi iwe mahali pasipofikiwa na maji.

Usiogope kwamba swichi moja italemewa. Balbu tatu za LED za wati 9 ni wati 27 tu. Zikiwaka saa 4 kila siku, kwa siku 30 hutumia uniti 3 na kidogo. Balbu tatu za zamani za wati 60 zingetumia uniti 21 na zaidi. Lakini usiunge pasi wala mashine ya kukata majani kwenye waya za taa, kwa maana hizo huvuta stima nyingi, na waya waweza kushika moto.

MWULIZE FUNDI

Sikuandika haya ili ufunge waya wewe mwenyewe. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 yataka kazi hiyo ifanywe na mwenye leseni ya EPRA. Kabla hujamlipa fundi, omba kuiona leseni yake. Kisha azime swichi, na akuonyeshe kwa kipimo chake kwamba hakuna moto pale balbu inaposhikwa. Halafu atoe balbu moja, awashe swichi. Zile mbili sharti ziwake kama kawaida. Nawe ukibadilisha balbu siku yoyote, zima swichi kubwa ya nyumba kwanza.

Jirani yangu alimwita fundi mwenye leseni, na kazi ikarekebishwa. Mkono umepona, na ng'ombe hukamuliwa penye mwanga. Lakini si kila aanguke huinuka. Tahadhari kabla ya hatari.