Safari ya Japani wakati wa baridi: mama wa Kolwezi ajipange namna gani?

Njia ya Dubai na ya Guangzhou wengi wetu tunaijua kwa sababu ya biashara. Japani ni njia nyingine. Mama anayekwenda kule mara nyingi anamfuata mtoto anayesoma au mume aliye kwenye mafunzo, na mwezi wa Desemba au Januari ndio unampa nafasi. Kwetu ni majira ya mvua, kule ni katikati ya baridi. Safari kama hiyo inakula akiba ya likelemba ya muda mrefu. Basi tuipange kwanza kwenye karatasi, makuta yatoke baadaye.

Miji minne inatosha

Ukifungua ramani utataka kuona kila kitu. Usijaribu. Siku kumi na mbili zinatosha miji minne iliyo karibu kwenye mstari mmoja: Tokyo, Kyoto, Osaka na Hiroshima. Sapporo, kaskazini kabisa, ni mji wa theluji nyingi. Kwa safari ya kwanza, na hasa ukiwa na watoto, uuache.

Kutoka Lubumbashi, ndege ya Ethiopian inapitia Addis Ababa, na kutoka huko kuna ndege ya kwenda Narita, uwanja wa Tokyo. Ukifika, pumzika siku mbili. Japani inatutangulia kwa saa saba, na mwili unahitaji muda kuzoea. Kisha panda Shinkansen, treni ya kasi iliyoanza mwaka 1964. Kutoka Tokyo hadi Kyoto ni zaidi kidogo ya saa mbili. Kyoto ulikuwa mji wa wafalme kwa zaidi ya miaka 1,000, na mahekalu yake ni mengi. Kutoka hapo hadi Osaka ni nusu saa kwa treni ya kawaida, na Osaka hadi Hiroshima ni saa moja na nusu. Kurudi Tokyo kutoka Hiroshima ni kama saa nne.

Kuna tikiti ya pamoja ya watalii inayoitwa Japan Rail Pass. Tangu Oktoba 2023 ile ya siku saba iliuzwa yen 50,000. Lakini ukijumlisha tikiti za njia hii moja moja, unapata kama yen 44,000. Kwa hiyo piga hesabu kwa bei za siku hiyo kabla ya kununua kitu kwa sababu tu wengine wanakisifu.

Kwa wenye mizigo mikubwa: kwenye Shinkansen ya Tokyo hadi Osaka na Hiroshima, sanduku ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa vinapita sentimita 160 linaombewa nafasi mapema. Wenyeji wengi hulipa masanduku yao yatumwe kutoka hoteli hadi hoteli, nao wanasafiri na mfuko mdogo.

Kartasi

Viza inaombwa ubalozi wa Japani, Kinshasa. Hesabu gharama hiyo pia. Wanataka mpango wa safari wa siku kwa siku: utalala wapi, utafanya nini. Anayekualika kutoka Japani anatuma barua ya mwaliko na barua ya dhamana. Viza ya kuingia mara moja hudumu miezi mitatu tangu itolewe. Usiiombe mapema kupita kiasi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau, utaulizwa ukitoka Kongo na ukirudi.

Nyama usibebe, hata ile kavu, imekatazwa. Sombe mbichi na matunda pia vinahitaji hati za ukaguzi wa mimea. Mtoto anayetamani bukari na sombe atangoja arudi nyumbani.

Makuta

Kwetu dola inapokelewa hata sokoni. Japani maduka ya kawaida yanataka yen. Badilisha uwanjani au kwenye benki, au toa kwa kadi ya Visa kwenye mashine za duka la 7-Eleven. Kuanzia tarehe 29 Desemba hadi 3 Januari ofisi nyingi za serikali hufungwa, na benki hufungwa kuanzia tarehe 31 Desemba hadi 3 Januari, kwa hiyo uwe na pesa mkononi.

Baridi

Asubuhi za Juni na Julai hapa Kolwezi tunazijua. Ya Tokyo katika Januari ni zaidi: mchana karibu digrii 10, usiku digrii 1 au 2, na jua linatua mapema, kama saa kumi na moja jioni. Siri ni nguo nyembamba kadhaa moja juu ya nyingine. Koti zito peke yake halitoshi. Koti la mitumba la hapa linafaa kwa juu. Nguo za ndani za kuhifadhi joto zinauzwa Tokyo kwa bei nafuu. Madukani kuna pia vifuko vidogo vya joto vinavyoitwa kairo. Mbandike mtoto juu ya fulana, kamwe si kwenye ngozi, vinaunguza.

Malaria inasafiri nawe

Hapa ndipo tunaomba mama asome mara mbili. Tunatoka nyumbani wakati wa mvua, wakati wa mbu. Mtu aliyeumwa na mbu Kolwezi anaweza kuanza homa wiki moja, mbili au zaidi baadaye, akiwa Kyoto. Mama atasema ni mafua ya baridi, na daktari wa kule, ambaye haoni malaria mara kwa mara, anaweza kusema vilevile. Kwa mtoto mdogo au mama mjamzito, siku moja ya kuchelewa ni hatari. Laleni ndani ya chandarua hadi usiku wa mwisho. Homa ikianza, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme kwanza kabisa: tumetoka Kongo, pima malaria. Wajapani hutamka mararia, watakuelewa. Ambulensi ni namba 119.

Usiikate Hiroshima

Makuta yakipungua, wengi watasema Hiroshima iondolewe kwa sababu iko mbali. Sisi tunasema ondoa siku za Osaka. Ukienda Lubumbashi unapita Likasi, na karibu na Likasi kuna Shinkolobwe. Mgodi huo wa Union Minière ndio uliotoa sehemu kubwa ya urani ya Wamarekani wakati wa vita. Bomu lilianguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Baba zetu walioyachimba mawe yale hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini.

Makumbusho ya Amani yanalipiwa yen 200 na hufungwa tarehe 30 na 31 Desemba. Ndani kuna nguo za watoto wa shule zilizoungua. Watoto wadogo watayarishwe kabla, au wangoje nje na mtu mzima. Wakubwa waelezwe wanaona nini, na waambiwe Shinkolobwe iko wapi.

Mwenye kupanga safari alete mpango wake wa siku kwa siku kwenye mkutano wa wiki ijayo, tuupitie pamoja kabla haujaenda ubalozini.