Kitambi chapigwa tano Scotland

UNAMJUA huyu jamaa. Jezi aliyoinunua misimu mitatu iliyopita siku hizi inagoma kushuka hadi kiunoni. Akipanda ngazi za jukwaani anapumzika mara mbili. Mwambie aende kupima presha na sukari, atakujibu yuko fiti. Lakini mwambie kocha wa klabu yake anamuita mazoezini uwanjani, uone kama hatafika saa nzima kabla ya muda.

Hapo ndipo Scotland walipomkamatia.

Kule wanaume wenye uzito mkubwa walikuwa hawaonekani kwenye vikundi vya kupunguza mwili. Wanachama wengi walikuwa wanawake, na baba mtu mzima aliona soo kukaa pale kuhesabu vijiko vya sukari. Mwaka 2010 klabu za Ligi Kuu, taasisi ya hisani ya ligi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow wakabadili mbinu. Badala ya kumvuta shabiki kwa daktari, wakamfuata klabuni kwake. Mpango ukaitwa Football Fans in Training, kwa kifupi FFIT.

DAKIKA 90, WIKI 12

Wanakutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 12. Kila kipindi ni dakika 90, kama mechi. Sehemu moja ni darasa: ukubwa wa sahani, bia, vitafunwa vya siku ya mechi na namna ya kujiwekea malengo. Sehemu nyingine ni tizi. Wanaofundisha ni makocha wa klabu yenyewe, na hakuna kiingilio.

Tizi lenyewe si la kukomoana. Mtu anaanza kwa kutembea, akiwa na kifaa kidogo cha kuhesabu hatua, na kila wiki anaziongeza. Jogging inakuja baadaye, mwili ukishazoea.

Raha iko kwenye mazingira. Shabiki aliyezoea kukaa jukwaani anajikuta pembeni ya uwanja wa timu yake, amevaa fulana ya klabu. Kingine ni utani. Wote wana vitambi, wote timu moja, hivyo hakuna wa kumuonea mwenzake aibu. Ukikosa wiki moja, wiki inayofuata utasemwa mpaka ujute.

MATOKEO YALIVYOKUWA

Watafiti hawakuishia kwenye maneno. Walichukua wanaume zaidi ya 740 wa miaka 35 hadi 65, mashabiki wa klabu 13, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja likaanza mara moja, jingine likasubiri mwaka mzima kwanza.

Baada ya miezi 12, walioanza walikuwa wamepungua kilo 5.56 kwa wastani. Waliosubiri walipungua kilo 0.58 tu. Ingekuwa mechi, tungesema tano bila. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la The Lancet.

Ukweli usemwe, siyo kilo zote zilizoondoka ambazo hazikurudi. Walipopimwa tena baada ya miaka mitatu na nusu, wastani ulikuwa karibu kilo tatu chini ya walipoanzia. Lakini yeyote aliyewahi kujaribu kupungua anajua kukaa hapo miaka yote hiyo siyo kazi ndogo.

Celtic na Rangers, ambao wakikutana Glasgow hakulaliki, wote walikuwemo. Baadaye klabu za England, Uholanzi, Norway na Ureno nazo zikajaribu mpango wa aina hiyo.

NA HUKU JE?

Huku kwetu watani wa jadi tunao, na jezi tunazo. Simba na Yanga zina watu wanaojaza uwanja wa watu 60,000, na wakiitwa na klabu wanaitika. Vitambi navyo vipo, tusidanganyane. Kinachokosekana ni kocha wa kusema, “Jumanne jioni, njooni na raba.”

Ila usikae kumsubiri. Siku ya mechi ijayo shuka daladala vituo viwili kabla, umalizie kwa miguu na wenzako mkibishana kuhusu kikosi. Scotland nao walianza kwa kutembea.