Nyanya ya Buluu na Nyota ya Chini ya Kikonyo

Chukua nyanya ya aina ya Indigo Rose iliyoiva, kisha bandua kikonyo chake taratibu. Mabega ya tunda ni meusi ya zambarau kama biringanya, lakini pale palipofunikwa na vijani vya kikonyo utakuta nyota nyekundu, safi, ncha zake zikihesabika. Vijani vile viliziba jua, na bila jua rangi ile haiji. Anayetaka kulima nyanya hii nyuma ya nyumba yake hapa Kiwanja, Rutshuru, aanze kwa kuielewa nyota hiyo.

Kwanza jina. Wauza mbegu huiita ya buluu, na kweli tunda likiwa changa, zambarau ikikaa juu ya kijani, huonekana na ubuluu fulani. Rangi yenyewe ni anthosiani, ndugu wa ile inayotia giza ganda la biringanya na maharagwe meusi. Wenzetu wa Kenya wanaifahamu vizuri: mwaka 2011 watafiti wa chai wa Kericho waliwapa wakulima chai ya zambarau, TRFK 306, ambayo majani yake yamejaa rangi hii. Ukitaka kuona tabia yake, chemsha maganda ya biringanya kwa maji kidogo, uyagawe katika vikombe viwili. Kimoja kikamulie ndimu, maji yataelekea wekundu. Kingine kitie maji ya majivu ya kuni, yataelekea kijani. Rangi hii hufuata uchachu wa mahali ilipo.

Nyanya ya kawaida, au tomati kama tunavyosema huku, inajua kutengeneza anthosiani. Tazama mashina ya miche yake yalivyo na uzambarau. Ila kwenye tunda kazi hiyo imezimwa. Zilizotuwashia ni nyanya pori za kwao asilia, Amerika ya Kusini. Kutoka Solanum chilense, inayomea Chile na Peru, ilipatikana jeni iitwayo Aft. Kutoka Solanum cheesmaniae ya visiwa vya Galápagos ilipatikana nyingine, atv. Kila moja peke yake hutia rangi kidogo tu; zikikutana, ngozi inakuwa nyeusi. Jim Myers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, walizikutanisha kwa kuoanisha maua kizazi baada ya kizazi, na mwaka 2012 wakaitoa Indigo Rose.

Usiichanganye na nyanya ya zambarau ya Uingereza. Ile ilitengenezwa maabara na kina Cathie Martin wa John Innes Centre, mjini Norwich, kwa kuiingizia nyanya jeni mbili za ua, na zambarau yake imeingia hadi ndani ya nyama. Mwaka 2008 walitangaza kwamba panya wenye mwelekeo wa kupata saratani waliishi muda mrefu zaidi walipolishwa unga wake. Ni habari njema kwa sayansi, lakini panya si watu, na nyanya ninayoieleza hapa ina rangi kwenye ngozi peke yake. Kwa hiyo simpi mtu nyanya hii kama dawa. Hata sufuriani haitakushangaza: ukiipikia samaki wa ziwani kutoka Vitshumbi, mchuzi utabaki mwekundu kama siku zote. Uzuri wake uko kwenye kachumbari, ikiliwa mbichi na ganda lake.

Udongo wetu wa Rutshuru, uliozaliwa na volkano, unaifaa. Shida ni mvua. Majani yakikaa na maji, ukungu wa mildiu unamaliza bustani kwa siku chache, kwa hiyo panda kwa nafasi, simika vijiti, funga shina, mwagilia chini na si juu ya majani. Kata majani machache yanayofunika vishada ili jua lifike, lakini usilivue tunda kabisa, maana jua kali la mchana nalo huunguza.

Kosa kubwa ni kuichuma mapema. Tunda huanza kuwa jeusi likiwa bado changa, majuma kadhaa kabla ya kuiva, na anayelila wakati huo huapa kwamba nyanya ya buluu haina ladha. Geuza tunda utazame kitako chake. Kikiwa cha kijani, acha. Kikiwa chekundu, na mng'ao wa ngozi umefifia, na tunda linabonyea kidogo, chuma. Hata likiwa limeiva hivyo, ladha yake ni ya wastani, na hapo ndipo kazi inayonivutia zaidi inapoanza: kuioanisha na nyanya tamu tunayoizoea, kwa mfano Roma.

Jioni tafuta ua la Roma ambalo petali zake zimeanza tu kuonyesha umanjano, halijafunguka. Kwa ncha ya sindano ondoa ile koni ya manjano inayobeba chavua, ukiacha kijiti chembamba cha katikati. Kesho yake asubuhi kung'uta chavua ya ua lililofunguka la Indigo Rose kwenye ukucha wako, ugusishe kijiti kile. Funga uzi wa rangi kwenye kikonyo ili usilisahau. Tunda litakalozaliwa litafanana na mama yake. Ugeni uko kwenye mbegu.

Mbegu hizo zikipandwa, watoto wa kwanza watakuvunja moyo: wekundu, labda na madoa hafifu ya zambarau mabegani. Usiwang'oe. Jeni ya atv haifanyi kazi mpaka irithiwe kutoka pande zote mbili, na hapa imetoka upande mmoja. Panda mbegu zao. Katika wajukuu, kwa wastani miche 3 katika kila 16 itazaa matunda meusi, na 1 kati ya hiyo 3 ndiyo iliyoshika rangi kwa uthabiti. Miche 32 ni kiasi kizuri cha kuanzia. Miche yenye mashina ya zambarau nzito kuliko mingine itunze kwa makini.

Kutoka hapo onja, chagua, panda tena. Nyanya hujichavusha yenyewe, kwa hiyo ya jirani haitakuharibia sana. Kwa misimu yetu miwili, A na B, unapata vizazi viwili kwa mwaka. Baada ya vizazi sita au saba utakuwa na nyanya isiyobadilika tena, nyeusi mabegani na tamu kama ulivyoichagua.

Mbegu zichachushe na maji yake siku mbili au tatu, zioshe, zianike kivulini, uandike tarehe kwenye bahasha. Tumehama Kiwanja hii zaidi ya mara moja, tukiacha mashamba yamesimama. Kazi ya miaka yote hiyo inaenea katika bahasha moja ndogo, basi kila msimu mpe ndugu anayekaa mji mwingine nusu ya mbegu akuwekee. Zikiwa kavu, zitaota hata baada ya miaka minne.