Kodi ya Nyumba Katika Bula za Garissa

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa wafugaji wa upande wa Ijara, alikuja kuniomba radhi kwa kukosa mihadhara ya juma zima. Alikuwa akizunguka mjini Garissa kutafuta chumba. Kile alichokilipia shilingi 4,000 kilikuwa kimepandishwa hadi 6,000, naye akaarifiwa kwa mdomo tu, siku tatu kabla ya mwezi kwisha.

Kwa sisi tunaochunguza maneno, kisa hiki kina kinaya chake. Mitaa mingi ya Garissa huitwa bula: Bula Iftin, Bula Mzuri, Bula Punda. Neno hilo latokana na buulo la Kisomali, yaani kijiji cha vibanda. Katika vijiji vya namna hiyo, mama ndiye aliyejenga aqal kwa fito na mikeka, na malisho yalipokwisha akaibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Hapakuwa na mpangaji wala kodi. Leo jina limebaki, lakini kila mwisho wa mwezi mlango hubishwa.

Sababu si siri. Serikali ya kaunti, tangu 2013, imevuta maofisa na wanakandarasi wanaotaka nyumba, na ukame wa 2020 hadi 2022 ukawasukuma mjini wafugaji waliopoteza mifugo. Mafuriko ya Tana ya 2023 na 2024 nayo yaliwahamisha waliokaa kando ya mto.

Mwalimu, je? Yeye hupewa marupurupu ya mazingira magumu, na mwenye nyumba anayajua. Aghalabu marupurupu hayo hupitia mkononi mwake tu. Sikatai kwamba saruji na mabati husafirishwa mbali. Lakini chumba kilichojengwa miaka kumi iliyopita hakijengwi upya kila Januari.

Sheria ipo, Sura ya 296, ya kudhibiti kodi za nyumba. Humlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ni chumba gani cha mawe karibu na chuo kinachopatikana kwa kiasi hicho? Yafaa Bunge liinue kikomo hicho, na ilani ya kupandisha kodi iwe ya maandishi na ya miezi, si ya siku tatu.

Mwanafunzi wangu sasa amejisitiri kwa binamu ya mamake, watu wanane katika vyumba viwili. Insha yake ya muhula bado sijaipokea.