Baada ya Majibu ya Simu: Kutafuta Tiba ya Maradhi ya Ulaji

Ni usiku, na mwanafunzi mmoja wa chuo jijini Dodoma yu peke yake na simu yake. Ameulizwa maswali matano: iwapo hujitapisha anapohisi ameshiba mno; iwapo anahofu kwamba ameshindwa kujizuia katika kula; iwapo amepungua zaidi ya kilo sita ndani ya miezi mitatu; iwapo hujiona mnene ilhali wenzake humwona amekonda; na iwapo chakula kimeyatawala maisha yake. Amejibu ndiyo mara tatu. Simu imemshauri amwone mtaalamu. Mwanafunzi huyu ni wa mfano tu, lakini swali linalomkabili ni la kweli: kesho asubuhi aende wapi, na aseme nini?

Maswali hayo yalitungwa London na daktari John Morgan na wenzake, yakachapishwa mwaka 1999. Majibu mawili ya ndiyo hutosha kuamsha shaka. Hata hivyo, shaka si utambuzi wa ugonjwa. Katika utafiti huo wa mwanzo, wanawake 12 kati ya 96 wasiokuwa na maradhi ya ulaji walionekana kana kwamba wanayo. Dodoso hufanya kazi ya ungo: hupepeta, lakini halisongi ugali.

Je, maradhi haya yapo kwetu? Utafiti juu ya wanawake 214 wa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba wenye maradhi hayo walikuwa wachache, lakini walikuwapo. Tatizo ni kwamba katika nyanda hizi za kati, ambako ukame si mgeni, mtu akikonda watu huwaza njaa, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI. Aidha, anayekula kwa pupa kisha akajitapisha kwa siri aweza kuwa na uzito wa kawaida, asishukiwe na yeyote.

Kikwazo kingine ni aibu. Dodoma ina Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, lakini jina hilo limegeuzwa mzaha mitaani, hata wengi huogopa kuonekana langoni pake. Mgonjwa si lazima aanzie huko. Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu chatosha kuwa mlango wa kwanza. Aende na majibu yake, aseme kwa ufupi: “Nina hofu juu ya namna ninavyokula, na haya ndiyo niliyojibu.”

Mhudumu anayeyapokea maneno hayo asicheke, wala asiseme “kula tu, utapona”. Amsikilize faraghani, kisha apime uzito, urefu, mapigo ya moyo, joto, sukari, na shinikizo la damu mgonjwa akiwa amelala na akiwa amesimama. Achunguze pia kifua kikuu, VVU, kisukari, tezi ya shingo na ujauzito. Aulize kwa upole kuhusu kutapika na dawa za kuharisha, kwani vyote viwili hupunguza potasiamu mwilini, na moyo huweza kupoteza mwendo wake hata kwa mtu asiyekonda. Mwenye kuzirai, mapigo yaliyo chini ya 40 kwa dakika, au mawazo ya kujiua apewe rufaa siku hiyo hiyo. Aliyekonda sana asishindiliwe chakula kingi ghafla, kwa kuwa fosfati ya damu huweza kushuka na kuhatarisha maisha. Wahudumu waliowatibu watoto wenye utapiamlo mkali wanaijua tahadhari hii.

Tiba ipo. Msingi wake ni mazungumzo ya kitaalamu yanayobadili fikra na mazoea ya ulaji; kwa vijana wadogo, wazazi hushirikishwa tangu mezani. Kwa wanaokula kwa pupa na kujitapisha, dawa ya fluoksetini huweza kusaidia.

Ikitokea mlango wa kwanza ukamdharau, mgonjwa asirudi kujifungia na simu yake. Aongozane na dada, mama au rafiki anayemwamini, abishe mlango wa pili. Maradhi haya huota mizizi kadiri yanavyofichwa, na anayetibiwa mapema ana matumaini makubwa zaidi ya kupona.